Orodha ya Wapiga Kelele

Kapsoya, Eldoret
Jumapili, 9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na ng'ombe wote watatu kwa majina yao. Ulitufundisha kwamba barua ina ngazi tatu: salamu, habari za nyumbani, kisha jambo lenyewe. Aliyeruka ngazi ulimrudishia karatasi aandike upya. Mimi nina miaka thelathini na sita na bado nakuogopa, kwa hivyo napanda ngazi moja moja.

Sisi hatujambo. Mvua ya hapa inanyesha kila siku saa nane kama imeajiriwa, na nguo za shule zinakaukia juu ya viti. Mkwe wako Mungai bado anauza vipuri vya trekta pale mjini, na anasema wakulima wa huko kwenu Ziwa ndio wateja wake wazuri, kwa sababu hakuna mnachokivunja mara moja tu. Mkubwa wetu yuko bweni. Ameandika akitaka sabuni, na mimi najua akisema sabuni anataka mkate.

Sasa jambo lenyewe. Ni wajina wako.

Unajua tangu Isaiah azaliwe na kupewa jina lako, Nderitu, tunamwita Baba humu ndani. Kwa hivyo kumkemea kunanipa taabu, nahisi nakukemea wewe. Lakini wiki hii mwalimu wake wa gredi ya pili aliniita. Alisema: "Mama Isaiah, huyu kijana ni mjeuri. Namwita mara tatu, ananiangalia tu kama picha. Halafu yeye na Sharon, yule msichana wanakaa dawati moja, ni kuongea, ni kuongea, siku yote." Mwalimu mkuu naye akaongeza kwamba mwaka ukiisha hivi, Isaiah atarudia darasa.

Hata nyumbani nimeona mambo. Namtuma chumvi, analeta kiti. Nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki. Televisheni anaifungulia sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Je, mtoto wa miaka saba anaweza kuwa na kiburi cha namna hiyo? Wewe umelea watoto wa watu miaka thelathini na minne. Nishauri.

Binti yako,
Wangeci


Ziwa
Jumapili, 16 Juni 2024

Binti yangu Wangeci,

Barua yako imefika juu ya dashibodi ya Kipngetich mchukuzi wa maziwa, pamoja na madebe yake matupu, na inanuka maziwa. Nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Makosa ni mawili tu. Unaendelea vizuri.

Sisi tuko salama. Mahindi yamenifika magotini na yana rangi nzuri. Mama yako ameshinda wanawake wote wa kanisa kwa kukuza sukuma wiki, au ndivyo anavyowaambia. Umeniuliza mara nyingine kwa nini sipigi simu. Simu ni ya kuambiana mvua imenyesha. Jambo la maana huandikwa, ili mtu asije akasema hakusema.

Kuhusu wajina wangu: acha wasiwasi. Mtoto huyu si mgonjwa wala si mjinga, maana jina analobeba halina historia hiyo. Ni mpiga domo. Wapiga domo nimewatibu mamia. Katika kila darasa nililofundisha nilikuwa na daftari la wapiga kelele. Kiranja aliandika majina nikiwa nje, nami nikirudi niliyashughulikia yote kabla ya kengele. Madaftari hayo ninayo mpaka leo ndani ya sanduku la bati, na mama yako anataka kuyawashia moto.

Dawa ni moja. Mtenganishe na huyo Sharon. Mwambie mwalimu amweke Isaiah dawati la nyuma kabisa, peke yake, ambako hana wa kuzungumza naye. Mwambie ni ushauri wa mwalimu mwenzake. Baada ya mwezi mmoja utaniandikia shukrani.

Mama yako anasema umwangalie mafua, kwamba Pasaka alipokuwa hapa alikuwa anakoroma na kupumulia mdomo. Mama yako huona mafua kila mahali.

Baba yako,
Mwl. Nderitu


Kapsoya, Eldoret
Jumapili, 21 Julai 2024

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie Mama kwamba leo namsalimu mara mbili, na nitaeleza kwa nini.

Habari za nyumbani: nguo bado hazikauki. Mungai amenunua viatu vipya vinavyolia kwii-kwii, na anakataa kwamba vinalia. Nimemaliza ngazi mbili, sasa nisikilize.

Tulifanya ulivyosema. Mwalimu alifurahi sana kupata ushauri wa mwalimu mwenzake, akamhamishia Isaiah nyuma siku hiyohiyo. Ukweli ni kwamba aliacha kuongea. Aliacha kila kitu. Imla aliyokuwa akipata kumi na tano kwa ishirini alipata mbili. Akawa anarudi nyumbani kimya na kulala na viatu. Siku moja tukitoka dukani alitangulia kuvuka barabara. Bodaboda ilipiga honi mpaka watu wote wakasimama, ila yeye. Mwenye pikipiki aliingia mtaroni ili asimgonge. Isaiah aligeuka, akaona watu wananishika, akaniuliza kwa nini ninalia.

Baba, hapo nilijua si kiburi. Jioni hiyo nilimsafisha masikio kwa vijiti vya pamba, vyote vilivyokuwa kwenye pakiti, kwa nguvu za mama mwenye hofu. Asubuhi alikuwa hasikii hata mlango. Jirani yangu akaja na kitunguu kilichochemshwa, akitaka tumkamulie masikioni. Nilikataa, nikamkimbiza mtoto kwa daktari wa masikio.

Daktari ni mwanamke wa makamo mwenye subira. Aliangalia ndani kwa kijitochi chake, akaniambia: "Mama, umekuwa ukisukuma nta ndani kama mtu anashindilia gunia." Kumbe sikio hujisafisha lenyewe, na nta hutoka polepole bila kusaidiwa. Alitupa dawa ya matone ya kuilainisha kwa siku tano, kisha akayaosha masikio kwa maji vuguvugu. Kilichotoka sitakielezea, Mama anaweza kuwa anakula.

Nilidhani tumemaliza. Hapana. Alisema nta ilikuwa mlango tu, nyuma yake kuna jambo lingine. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa, chenye mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Mafua yakirudi na kurudi, mrija unaziba, chumba kinajaa maji, na maji yanakuwa mazito kama uji wa jana. Isaiah ana maji hayo masikio yote mawili. Hayaumi, ndiyo maana hakuwahi kulia, na ndiyo maana hakuna aliyejua. "Anakusikia kama mtu ametia kichwa ndani ya pipa la maji," akasema. Akaniuliza kama hukoroma na kupumulia mdomo. (Salamu ya pili ya Mama ni ya hapo.)

Halafu akauliza, "Shuleni anakaa wapi?" Nikasema nyuma kabisa. "Nani alimweka huko?" Nikasema mwalimu. Sikusema mwalimu yupi.

Kuna jambo moja zaidi. Nilikutana na Sharon langoni. Nikamuuliza yeye na Isaiah walikuwa wakiongea nini siku zote hizo. Alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Si nilikuwa namwambia vile ticha amesema? Yeye huwa hasikii. Kwani nyinyi hamkujua? Mimi nilijua kitambo."

Sikulaumu, Baba. Mimi ndiye mama yake na sikuona. Daktari amesema tungoje miezi mitatu, kwa kuwa kwa watoto wengi maji hukauka yenyewe. Yasipokauka, atawekewa vijibomba masikioni. Naogopa neno hilo.

Binti yako,
Wangeci


Kapsoya, Eldoret
Jumapili, 8 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Nasalimu tena. Wiki saba zimepita na dashibodi ya Kipngetich imekuja tupu. Nikimuuliza, anasema, "Mwalimu ako sawa, anakula, anakamua ng'ombe. Ni vile tu haongei." Amesema pia kwamba unashinda umeinamia sanduku la bati. Nimempigia Mama. Amesema, "Mwache kwanza, kuna kitu anakitafuna." Sasa naandika hivyohivyo, wewe soma hata kama hujibu.

Isaiah anakaa mbele sasa, dawati la kwanza, Sharon ubavuni. Mwalimu wake alihuzunika sana nilipomweleza. Siku hizi akitaka kumwambia kitu anamgusa bega kwanza, anamtazama usoni, anasema polepole bila kupaza sauti. Nasi nyumbani tunafanya hivyo. Nimehamishia jiko la makaa nje kwa sababu daktari alisema moshi unazidisha mambo. Mungai anapikiwa ugali kwenye baridi na analalamika utadhani yeye ndiye anayepika.

Imla amepata kumi na sita. Anacheka tena. Juzi alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza uso kwake, akaniambia, "Mama, ongea sasa." Nimekuwa nikiongea mpaka taya zinauma.

Lakini hasikii, Baba. Anatusoma tu midomo, na anatusoma vizuri. Kila jioni nasimama nyuma yake naita jina lako na lake, Nderitu, na hageuki. Tarehe ishirini na sita Oktoba tunarudi kwa daktari.

Niandikie. Hata makosa yangu tu uyaandike.

Wangeci


Ziwa
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Binti yangu Wangeci,

Salamu. Sisi ni wazima, na mahindi yamekauka shambani yakingoja kuvunwa. Ngazi mbili zimetosha.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya aibu. Nilikuambia umweke mtoto nyuma, peke yake. Nilimpokonya Sharon, aliyekuwa masikio yake, nikangoja shukrani. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kuichana. Leo naiacha.

Uliponiandikia maneno ya Sharon nilikumbuka kitu ambacho sikutaka kukikumbuka. Nilifungua sanduku. Daftari la mwaka wa tisini na tano, darasa la tatu: jina la Kipngetich liko mara arobaini na moja katika muhula mmoja. Ndiyo, Kipngetich huyuhuyu wa maziwa anayebeba barua zetu. Hakuna mtoto niliyemchapa kama huyo. Na kila jina lake lilipoandikwa, sikuona hata mara moja jina la aliyekuwa akiongea naye. Mtu hapigi domo na dawati. Mwalimu mzima, miaka yote hiyo, sikujiuliza.

Ilinichukua siku nyingi kupata ujasiri. Jumatatu alipokuja kuchukua maziwa nilimwekea kiti, jambo ambalo sijawahi kufanya, akaogopa. Nikamuuliza: darasa la tatu ulikuwa ukiongea na nani?

Alicheka. "Mwalimu, hiyo kesi haijaisha? Nilikuwa naambia Mulongo. Mulongo hakuwa anasikia. Masikio yake yalikuwa yanatoka usaha, tena alikuwa anaogopa kukuambia. Sasa ukisema 'fungueni ukurasa wa kumi', mimi naambia yeye ukurasa wa kumi. Ukisema hesabu, naambia yeye hesabu. Kiranja anaona mdomo yangu tu ndiyo inacheza, ananiandika."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ungenisikia?" akasema. Hakusema kwa hasira, alikuwa amekwisha inua debe.

Niliwatenganisha, Wangeci. Nakumbuka. Nilimpeleka Kipngetich mbele karibu na meza yangu ili nimwone, na Mulongo akabaki nyuma. Muhula uliofuata Mulongo alishika mkia, na darasa la tano hakuwa nasi tena. Niliandika kwenye ripoti yake: "Hana bidii."

Jana Kipngetich alinipeleka kituo cha Soy. Mulongo ana karakana ya kuchomelea milango na madirisha. Mtu mkubwa, mikono minene. Sikio moja lilipona alipokuwa kijana, la pili halisikii kabisa. Nilijua mahali pa kusimama, kwa sababu ya barua yako. Nilisimama mbele yake, nikamtazama usoni, nikamwomba msamaha nikiwa nimevua kofia. Alizima mashine yake. Akasema, "Mimi nilikuwa napenda shule sana, Mwalimu." Nililia pale mbele ya geti la mtu, na sioni haya kukuandikia hilo.

Halafu Kipngetich akaanza kumkumbusha siku nilipoanguka kutoka kwenye baiskeli ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe nikiwa na suti. Wakacheka hawa wawili mpaka wakashikana, na Mulongo akaniletea chai. Ana binti wa miaka sita. Nilimuuliza kuhusu masikio yake kabla sijamuuliza jina.

Nenda kwa daktari tarehe hiyo. Akisema vijibomba, viwekwe. Mimi nasema hivyo, lakini safari hii muulize daktari kwanza na mimi mwisho.

Makosa katika barua yako sikuyatafuta.

Baba yako


Kapsoya, Eldoret
Jumapili, 17 Novemba 2024

Baba! Baba! Baba!

Naruka ngazi zote. Nirudishie karatasi ukitaka. Wajina wako anasikia.

Maji hayakuwa yamekauka. Daktari alipima tena, akasema tusingoje zaidi, na Jumatano iliyopita Isaiah aliingia chumba cha upasuaji. Alitueleza kila kitu mapema: kitobo kidogo kwenye ngoma ya sikio, uji ule unafyonzwa, kinawekwa kijibomba kidogo kuliko punje ya mtama ili hewa iingie, na vinyama vilivyovimba nyuma ya pua vinaondolewa. Kijibomba kitaanguka chenyewe baada ya miezi kadhaa na kitobo kitajifunga. Alisema ni kazi ndogo. Kwangu haikuwa ndogo. Walipomchukua akiwa na kile kigauni chao, Mungai alianza kutembea huku na huku, kwii-kwii, kwii-kwii, na mimi nikiomba Mungu kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa lugha ambazo sizijui.

Alipoamka nilikuwa kando ya kitanda. Nikamwambia jinsi nilivyozoea, usoni, polepole, na kumbe kwa sauti kubwa bila kujua: "Baba, umeamka?" Akakunja uso, akajiziba masikio. "Mama, mbona unapiga kelele?"

Nimeitwa majina mengi maishani, hakuna lililonifurahisha kama hilo la mpiga kelele.

Kisha Mungai akaingia. Isaiah akainama kutoka kitandani akatazama chini, akasema, "Dadi, viatu vyako vinalia." Manesi wote walisikia. Mungai hawezi kukataa tena.

Sasa nyumba yetu imekuwa mpya. Jana mvua ilipoanza alikimbia mlangoni, akauliza nani anamwaga mahindi juu ya mabati. Aliuliza friji inaimba nini. Alitafuna biskuti kavu pakiti nzima akiwa amefumba macho, anacheka kila akiuma. Na jioni, Baba, nilisimama nyuma yake kama kila siku. Sikuita kwa nguvu. Nilisema tu, "Nderitu." Akageuka.

Akioga tunaziba masikio kwa pamba yenye Vaselini, na tutarudi kupimwa Januari. Vijiti vyangu vya pamba nimetupa. Mwalimu mkuu mwenyewe amesema hakuna kurudia darasa. Sharon alikuja kumwona, akamnong'oneza sikioni ili ajaribu. Sijui alisema nini, wote wawili wamekataa kuniambia.

Mwambie Mama alikuwa sawa kuhusu mafua. Mwambie Kipngetich pia kwamba Isaiah anasikia. Tunakuja Krismasi.

Wangeci


Ziwa
Jumapili, 24 Novemba 2024

Binti yangu Wangeci,

Barua yako haina salamu, haina habari za nyumbani, na ina alama za mshangao kupita kiasi. Nimeipa kumi kwa kumi.

Kipngetich aliileta akipiga honi tangu barabarani, kwa sababu aliona umeandika BABA kwenye bahasha kwa herufi kubwa. Nilimsomea yote pale kwenye zizi. Tulipofika kwenye jina langu ilibidi Mama yako aendelee kusoma, miwani yangu ilikuwa imelowa. Mama yako sasa anatibu mafua ya kijiji kizima na hakuna wa kumpinga.

Nimefunga sanduku la bati. Sikuyachoma madaftari, lakini la mwaka wa tisini na tano nilikaa nalo siku mbili na kalamu nyekundu. Kila mahali palipoandikwa Kipngetich nimeweka alama ya vema. Vema arobaini na moja. Nimempa daftari alibebe nyumbani. Mke wake anasema ameliweka kabatini pamoja na hati ya shamba. Mulongo amenitengenezea geti, ingawa nilikuwa na geti. Tumeliweka, na sasa nina mageti mawili.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ngumu. Ni ya Sharon. Usiikunje. Nimeiandika kwa mkono wangu wa ubaoni, na kwa kuwa sina muhuri wa shule tena, nimeweka kidole gumba. Imesema hivi:

"CHETI. Kimetolewa kwa Sharon wa Gredi ya Pili, kwa kupiga kelele darasani, bila kuchoka, mpaka mwenzake akasikia. Asiadhibiwe. Mwl. Nderitu, miaka 34 kazini, bado mwanafunzi."

Msomee mbele ya darasa, kama mwalimu wake atakubali. Na Isaiah akae wapi wakati unaisoma? Akae nyuma kabisa, Wangeci. Nataka aisikie kutoka huko.

Baba yako,
Nderitu mkubwa